Mwanangu amerudi na medali, hataki kuivaa

Barazani kwa Mzee: maswali ya wasomaji

SWALI

Assalaamu alaykum Mzee wetu.

Mimi ni mkulima wa karafuu, Konde, Kaskazini Pemba. Nina miaka 59. Mwanangu wa kwanza ni askari wa Jeshi la Wananchi, cheo chake koplo. Mtoto huyu nimemsomesha kwa karafuu, pishi kwa pishi. Tangu ana miaka minane alikuwa akipanda mkarafuu mpaka yale matawi ya juu kabisa ambayo sisi watu wazima tunayaacha, na mama yake akisimama chini huku ameshika kichwa.

Mwaka jana alipelekwa Kongo, upande wa Beni, na walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Amekaa huko karibu mwaka. Mwezi uliopita amerudi salama, alhamdulillahi, na medali ameileta ndani ya kisanduku.

Nikaona nisome maulidi ya shukurani. Sheikh wetu nimeshamwambia, tarehe nimeweka, mchele nimenunua mifuko miwili na ng'ombe nimelipia nusu. Picha yake aliyovaa bereti ya buluu nimeipeleka Chake ikatengenezwa kubwa, nikaitundika ukumbini. Nikamwambia mwanangu, siku ya maulidi utavaa sare na medali yako, utakaa na mashekhe, na baada ya dua utawaeleza watu mawili matatu ya huko. Si kwa kibri, Mzee. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Amekataa. Hakunijibu vibaya, alisema tu: "Baba, wewe soma maulidi, mimi nitapika." Asubuhi yake picha nimeikuta imeshushwa, imefungwa kanga, imewekwa juu ya kabati. Mchana kutwa yuko Tumbe na wavuvi anashona nyavu. Usiku halali ndani, anatandika mkeka barazani. Juzi nazi ilianguka juu ya bati, na kabla mimi sijajua kilicholia ni nini, yeye ameshalala kifudifudi uwanjani. Akainuka, akajifuta mchanga, akacheka. Mama yake hakucheka.

La kunichoma zaidi ni hili. Pale tunapocheza bao yupo mtu kasema mbele yangu kwamba pengine huyo kijana hata vita hakuiona, alikuwa mpishi tu, ndiyo maana hana la kusimulia. Niliinuka nikaondoka na mpaka leo sijarudi.

Wewe umepita jeshini, nieleze. Ni kosa mzazi kujivunia mwanawe? Na nikimwamuru kama baba yake kwamba avae, nitakuwa nimemkosea?

Baba wa Koplo, Konde

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kwa sauti mke wangu akisikiliza. Nilipofika kwenye ile nazi aliniambia nisimame kidogo. Nitakujibu kama mtu aliyevaa sare hiyo miaka zaidi ya thelathini, na pia kama baba, maana na mimi ninaye mtoto jeshini, na yaliyokupata yamenipata.

Kujivunia mwanao si kosa. Jivune. Kazi aliyokwenda kuifanya si ya mchezo. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu ya kwenda Kivu ya Kaskazini, Tanzania ikiwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Brigedi ile haikupelekwa kukaa nyuma ya magunia ya mchanga na kuhesabu magari yanayopita. Ilipewa ruhusa ya kuyafuata makundi yenye silaha huko huko yaliko. Na tarehe 7 Disemba 2017, katika eneo hilo hilo la Beni, kambi ya vijana wetu pale Semuliki ilivamiwa, wakauawa wanajeshi wetu wasiopungua 14 kwa tukio moja, wakiwemo watoto wa Visiwani. Mwanao amekaa karibu mwaka mzima mahali ambapo jina la Semuliki halitajwi kwa sauti ya kawaida. Ukiliweka hilo moyoni, hata ule ukimya wake utauona kwa jicho jengine.

Suala la sare ni jepesi, nilimalize upesi. Askari aliye likizo huvaa kiraia. Sare na medali zina siku zake na mahali pake, na taratibu zikivunjwa atakayeitwa mbele ya wakubwa ni yeye, si wewe. Lakini tusijifiche nyuma ya taratibu. Hata kama angeruhusiwa, nahisi asingevaa.

Sasa nikueleze langu.

Mwanangu wa tatu alikwenda Darfur, Sudan, kulinda amani. Mwezi wa Julai 2013, tarehe 13, askari wetu saba waliviziwa wakauawa Darfur Kusini. Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, tuna siku chache tu za kufunga. Habari tulizisikia redioni. Yeye alikuwa kambi nyengine lakini sisi hatukujua, na sauti yake tuliipata siku ya tatu. Siku hizo tatu futari ilikuwa ikipikwa na kuwekwa, tena ikiondolewa vile vile. Aliporudi, nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nyumbani kwangu Jang'ombe tuna baraza ya wazee, baada ya sala ya Isha tunakunywa kahawa. Nilimchukua mwanangu nikamkalisha katikati, nikasema, "Afande, hebu waeleze wazee wako mambo ya Darfur."

Alikuwa ameshika kile kikombe kidogo cha kahawa. Akakizungusha, akakizungusha, mpaka kahawa ikamwagikia vidole, na ilikuwa ya moto, wala hakukitua. Akasema, "Kulikuwa na joto sana." Wazee wakangojea. Akasema tena, "Joto, na vumbi." Kisha akaweka kikombe chini, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Likizo nzima hakukanyaga tena barazani petu. Akitoka msikitini alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane na sisi.

Na mimi nilikasirika! Nilijiona nimevunjiwa heshima mbele ya rika langu, kama unavyojiona wewe sasa. Mimi, mtu niliyetoka Uganda kwa miguu yangu, nilisahau nilivyokuwa mwenyewe.

Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Akaniambia, "Kwani mama yako alikufanya nini wewe uliporudi?"

Nilirudi Ole kwetu mwezi wa Septemba 1979. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Vita ile unaijua: Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, Mwalimu akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunayo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwetu. Kijiji kizima kilitaka hadithi. Amin umemwona? Umeua wangapi? Watoto walikuwa wakinifuata mpaka kisimani. Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa akinishika bega na kunipitisha kwa watu kama mtu aliyenunua baiskeli mpya. Nilikuwa nikicheka na kuwapa maneno mawili matatu, nikirudi ndani natapika.

Mama hakuniuliza kitu kwa siku nne. Siku ya tano alikuwa uani anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, mgongo kanipa mimi. Mimi nimekaa kwenye kizingiti. Bila ya kugeuka akauliza, "Huko mlikuwa mkila nini?"

Nikamwambia, ndizi.

"Mbivu?"

"Mbichi, za kupika."

"Kwa nazi?"

"Nazi hakuna huko, mama."

"Sasa nani alikuwa akizipika ndizi zisizo nazi?"

Hapo ndipo nilipomtaja mpishi wetu. Alikuwa mtu wa Kilwa, mwembamba, mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi. Bunduki yake alikuwa nayo kama sote, na sufuria zake juu yake. Mvua ya huko ilikuwa hainyamazi, kuni zote zimerowa, na yeye alikuwa akilala na vijiti kifuani, chini ya shati, ili asubuhi awe na cha kuwashia moto. Kila siku alikuwa akilalamika kwamba nchi gani hii haina mnazi hata mmoja. Alituahidi kwamba tukiingia Kampala atatafuta mchele popote ulipo na atatupikia pilau. Alikufa Lukaya, kule kwenye kinamasi, mwezi wa Machi. Kombora liliangukia pale alipokuwa akikoleza moto. Kampala tuliingia, na mchele tuliupata, na hakuna aliyeupika.

Haya yote nilimwambia mama nikiangalia mgongo wake. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mbuzi, kifuu kimeshikwa, tui linamchuruzika mpaka kiwikoni. Aliuliza jina lake. Nikamtajia. Akarudi kukuna nazi. Alkhamisi ile usiku alichoma ubani, akamsomea Yasini yule mtu wa Kilwa ambaye hajapata kumuona, na mpaka anakufa mama yangu, kila akiwataja maiti zetu katika dua, alikuwa akimtaja na yeye baada ya baba yangu. Habari za vita hakuniuliza tena. Hakuhitaji.

Kwa hivyo ndugu yangu, yule mtu wa kwenye bao aliposema "mpishi tu", mimi hapa Unguja moto umeniwaka. Lakini tulia, maana nataka uyatazame upya maneno ya mwanao. Wewe umemwambia avae medali, na yeye kakwambia, "Mimi nitapika." Umeyapita maneno hayo kama kwamba ni kukataa. Mimi nayaona ni jibu. Huenda alikuwa mpishi kweli, huenda alikuwa mpiga mizinga, hilo silijui na wewe usimuulize. Ninachojua ni kwamba mtoto wako katafuta njia ya kuwamo katika maulidi yako, mikono yake iwe na kazi na macho ya watu yasiwe juu yake. Mpe masufuria. Mpe na vijana wawili wa kumsaidia kukata vitunguu. Akisema moto uwe huku na si kule, msikilize, kwa sababu hiyo ndiyo amri aliyotaka kutoa siku hiyo.

Maulidi yasome, usiyaahirishe. Ng'ombe malizia kulipa. Sheikh mwombe jambo moja tu: wakati wa dua awataje waliokwenda kulinda amani wakarudi, na waliokwenda wasirudi, wote kwa jumla, asimtaje mtu kwa jina. Mwanao atakuwa nyuma ya nyumba na mwiko mkononi, atasikia. Hapo pia utakuwa umewaombea wale wa Semuliki, ambao baba zao walikuwa wakijivuna kama unavyojivuna wewe.

Picha iache juu ya kabati. Siku moja muulize mama yake, si yeye, kama angependa iwekwe chumbani kwao. Mwanao hakuichana wala hakuitupa, ameifunga kanga. Mtu hufunga kanga kitu anachokihifadhi.

Na hiyo medali, ukitulia, muombe uitazame, mkiwa wawili tu. Mbele utaona nembo ya Umoja wa Mataifa, ile ramani ya dunia ndani ya matawi ya mzeituni. Igeuze. Nyuma imeandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo kwetu ni "Katika utumishi wa amani", basi, hakuna jengine. Hupewa aliyetumikia misheni kwa siku 90 na zaidi. Dereva hupewa, tabibu hupewa, mpishi hupewa, na aliyelala kwenye handaki hupewa, na zote ni sawasawa, haiandikwi nyuma yake kwamba huyu alishika bunduki na huyu alishika mwiko. Hilo ukilijua, kwenye bao rudi. Umekosa mchezo wako kwa neno la mtu asiyejua. Akirudia kwamba kijana wako alikuwa mpishi, mwambie, "Inawezekana, na siku ya maulidi njoo ule chakula chake." Useme kwa ukweli, usiseme kwa ugomvi.

Umeniuliza kuhusu kuamuru. Ukimwamuru, atakutii. Ndicho ninachokiogopa. Huyo ni askari na ni mtoto wa Kipemba aliyelelewa, neno la baba halivunji. Atavaa, atakaa na mashekhe, atasema mawili matatu ambayo si kweli ili wewe ufurahi, na usiku ule atalala mbali zaidi na baraza yako. Na lile ambalo siku moja angekuja kukwambia mwenyewe, labda mkiwa shambani mnaanika karafuu, hatakwambia tena, kwa kuwa umeshalipokea lile la uongo na ukalishangilia.

Mimi na mwanangu ilituchukua mwaka mzima. Alikuja likizo ya pili, tukawa tunateka maji, pampu ya mtaani imeharibika. Nikamuuliza tu, "Huko Darfur maji mlikuwa mkiyapata wapi?" Akaanza kueleza habari za maji, kutoka maji akaja kwenye kuni. Akanambia walikuwa wakitoka asubuhi na mapema kuwasindikiza wanawake wa kambi za wakimbizi kwenda kutafuta kuni, kwa sababu wakienda peke yao hushambuliwa. Mwendo wa saa nyingi juani, askari mbele na nyuma, kina mama katikati na mizigo kichwani. Kuna bibi mmoja, akasema, kila wakirudi alikuwa akiwapa kijiti kimoja kimoja kila askari, kama sadaka yake. Mwanangu alikuwa na kijiti kile. Alikitoa ndani ya begi akanionesha. Kijiti kikavu, urefu wa kidole. Tangu Alasiri mpaka Magharibi tumesimama na ndoo zetu. Ndugu yangu, gwaride nimeziona, vyeo nimevaa, nimepigiwa saluti. Fahari niliyoihisi kwa kile kijiti sijapata kuihisi kwa kitu chengine chochote.

Mwisho, ile nazi. Usiifanye kitu cha kusimulia watu wacheke, hata yeye akicheka. Mwili wake bado uko Beni, na mwili hurudi polepole kuliko boti. Mwache alale barazani, mtundikie chandarua. Usimwamshe kwa kumgusa, simama mbali kidogo umwite jina lake, tena jina la nyumbani, si cheo. Nyavu za Tumbe mwache azishone, hiyo ni dawa, mikono inafanya kazi na mbele yake kuna bahari iliyotulia. Lakini hesabu majuma. Ikiwa miezi inapita na usingizi hapati, au amekuwa wa hasira, au chakula hakipiti, au anasema maneno ya kuchoka na dunia, usingoje arudi kikosini. Mwende pamoja kwa daktari, na kikosini pia wapo matabibu wanaoyajua haya vizuri. Watakuja watu kukwambia kachezewa, ana shetani, apelekwe kwa fulani. Kisomo msomeeni, ni kheri na ni rehema, lakini daktari asiachwe. Mimi sikupelekwa kwa daktari mwaka 1979, na mpaka mwaka 1983 nilikuwa siwezi kukaa chumba chenye mlango nyuma yangu. Miaka minne ile ilikuwa haina haja.

Niandikie baada ya maulidi. Nataka kujua alipika nini.

SWALI

Mzee, shikamoo. Mimi nalima mwani Jambiani. Binti yangu, wa mwisho, amemaliza JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, na sasa amechaguliwa jeshini, anakwenda kuanza ukuruta Bara. Furaha niliyonayo siwezi kuieleza, katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kwenda jeshi. Lakini usiku nalia. Dada zangu wananikaza kwamba nikilia mbele yake nitamvunja moyo. Nimpe nini cha kuondoka nacho, na nijizuie vipi?

Mama wa Kuruta, Jambiani

JIBU

Marahaba mwanangu, hongera sana, tena sana.

Lia. Lia mbele yake ukitaka, maadamu unamwambia na kwamba umefurahi. Mtoto anayeondoka akidhani mama hana wasiwasi huondoka na upweke.

Vyakula usimfungie vingi. Mkate wa kumimina na visheti atakula kwenye boti na wenzake, kambini hataingia navyo. Mpe sindano na uzi mweusi na wa kijani, vifungo vya akiba, sabuni ya mche, mafuta ya nazi ya kupaka miguu, na soksi nzito nyingi kuliko anazotaka yeye. Ukuruta unavunjwa na miguu kabla ya kuvunjwa na kitu chengine. Buti jipya huchubua kisigino siku ya kwanza, na asiyekitunza kisigino siku ya pili hukimbia kwa kuchechemea na kupigiwa kelele. Mfundishe kupaka mafuta usiku na kuvaa soksi kavu asubuhi. Wewe unayeshinda kwenye maji ya chumvi juu ya matumbawe unajua kuliko mimi jinsi kidonda kidogo cha mguu kinavyokua.

Nywele zake watazikata. Nakwambia mapema ili siku utakayomuona usishtuke, na umsuke vizuri kabla hajaondoka kama ulivyokuwa ukimsuka akienda skuli. Simu mwanzoni usiitegemee. Kimya cha mwezi wa kwanza si habari mbaya, hupigi hatua moja bila ya kuamrishwa, simu utaipigia wapi? Akikupigia, usimuulize kama anateswa. Muulize kitanda chake kiko upande gani, na anayelala karibu naye ni mtoto wa wapi.

Akimaliza mafunzo kuna siku ya kula kiapo na gwaride, na wazazi huwa wanakwenda. Anza kuweka nauli sasa hivi, katika kila gunia la mwani toa kidogo uweke mbali. Nenda wewe mwenyewe, usimtume kaka yake. Vaa kanga ile anayoijua, fika mapema, ukae mbele. Watakuja wote wamevaa namna moja na utababaika, utasema yuko wapi wangu. Utamjua kwa mwendo. Akipita mbele yako usimwite, maana hatageuza shingo. Lakini kanga atakuwa ameshaiona.